Ufugaji wa vipepeo Kenya na Tanzania: Afya ya kiwavi ndiyo mtaji

Katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, na katika vile vilivyo kwenye milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, wapo wakulima ambao mifugo yao haina pembe wala kwato. Wanafuga viwavi. Huwalisha majani mabichi ndani ya vizimba vya neti, huwaondolea kinyesi kila siku, na wanapojifunga kuwa pupa huwakusanya kwa ajili ya kuuzwa. Pupa wa upande wa Kenya husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, ambako huibuka vipepeo ndani ya nyumba za vioo mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio.

Kwa wasikilizaji wetu wengi kiwavi ni mharibifu wa shamba, na jambo la kwanza linalowajia akilini wanapomwona ni dawa ya kumwua. Makala haya yanaeleza jinsi majirani zetu walivyomgeuza mdudu huyo kuwa chanzo cha kipato, namna anavyolelewa nyumbani, maradhi na maadui wanaomkabili, na sababu iliyofanya kazi hii itegemee uhai wa msitu kuliko inavyotegemea kitu kingine chochote.

Mwanzo wa kazi

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, nao ndio msitu mkubwa zaidi wa asili wa pwani uliobaki ukiwa kipande kimoja katika Afrika Mashariki. Ndani yake zimeorodheshwa zaidi ya aina 250 za vipepeo. Hata hivyo, kwa familia zinazolima kando yake, msitu huo ulikuwa kero kwa muda mrefu. Tembo na nyani walitoka humo kuvamia mihogo na mahindi, ilhali wenye mashamba hawakuruhusiwa kuingia kukata miti wala kuwinda. Mapema miaka ya 1990, wakazi walipoulizwa maoni yao, wengi walitaka ardhi ya msitu igawanywe ili ilimwe.

Katika hali hiyo, mwaka 1993 mtaalamu wa vipepeo Ian Gordon alianzisha mradi uliopewa jina la Kipepeo. Makao yake yako Gede, karibu na magofu ya mji wa kale wa Waswahili, na mradi huo uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wazo lake lilikuwa kwamba mkulima akipata fedha kutokana na kiumbe anayehitaji msitu, atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kutaka msitu ubaki. Wakulima walifundishwa kukamata vipepeo wachache, kuwapatia mahali pa kutaga, kulea viwavi majumbani mwao na kuuza pupa kwa mradi, ambao nao uliwatafutia wanunuzi wa nje.

Mapema miaka ya 2000 wazo hilo lilivuka mpaka. Katika vijiji vya Amani, wilayani Muheza mkoani Tanga, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania lilisaidia kuanzisha ufugaji wa aina hiyo hiyo, na sehemu ya mapato ilitengwa kwa ajili ya maendeleo ya vijiji. Kisiwani Unguja, katika kijiji cha Pete karibu na msitu wa Jozani, kuna bustani ya vipepeo ambayo wageni huitembelea papo hapo.

Hatua nne za maisha

Kipepeo hupitia hatua nne: yai, kiwavi, pupa, kisha kipepeo kamili. Mfano ulio rahisi kufuatiliwa ni kipepeo wa michungwa, anayejulikana kitaalamu kama Papilio demodocus. Ni mkubwa, mweusi, mwenye madoa ya manjano, na anapatikana karibu kila mahali Afrika kusini mwa Sahara. Mwenye mlimau, mdimu au mchungwa uani kwake huenda amekwisha kumwona bila kujua jina lake.

Jike hutaga yai moja moja juu ya majani machanga. Yai ni la mviringo, dogo kuliko punje ya mtama, lenye rangi ya manjano hafifu. Baada ya siku chache hutoka kiwavi mdogo mwenye rangi ya giza na mabaka meupe, ambaye kwa mbali hufanana na kinyesi cha ndege. Mfanano huo humkinga, kwani ndege hawamtazami mara mbili. Anapokua hujivua ngozi mara nne, na baada ya kujivua mara ya mwisho huwa wa kijani, akifanana na majani anayoyala. Akiguswa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Pembe hizo hazina sumu kwa binadamu. Ni silaha yake dhidi ya chungu na wadudu wengine.

Kiwavi hula kwa wiki tatu hivi, muda ukirefuka kunapokuwa na baridi na kufupika kunapokuwa na joto. Kisha hujifunga kwenye kijiti kwa uzi wa hariri kiunoni na mkiani, akavua ngozi na kuwa pupa. Baada ya wiki mbili au tatu kipepeo huibuka. Mbawa alizonazo, ukubwa wake na nguvu zake za kuruka vyote vimetokana na chakula alichokula akiwa kiwavi. Mfugaji hawezi kurekebisha katika hatua ya pupa lile alilolikosea katika hatua ya kiwavi.

Kila kiwavi na mti wake

Kosa la kwanza la mfugaji mgeni ni kudhani kwamba kiwavi hula jani lolote la kijani. Aina nyingi za viwavi hula mmea mmoja au jamii moja tu ya mimea, na wakinyimwa mmea huo hufa njaa huku wamezungukwa na majani mengine. Kiwavi wa michungwa hula majani ya jamii ya michungwa. Binamu yake Papilio dardanus, ambaye majike wake huiga sura za vipepeo wenye sumu ili ndege wawaogope, hula miti ya msituni ya jamii hiyo hiyo. Vipepeo wengine hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe, na wengine kwenye mipasheni ya mwituni.

Kwa sababu hiyo wafugaji wa Gede na Amani huanza na bustani. Huchukua mbegu au miche ya miti ya msituni inayoliwa na viwavi, wakaipanda karibu na nyumba. Mwenye miti ya kutosha hahitaji kuingia msituni kila asubuhi kutafuta majani, na viwavi wake hawalali njaa mvua inapomzuia kutoka.

Majani yanapaswa kuwa mabichi kila wakati. Kiwavi hapewi maji ya kunywa. Unyevu wote wa mwili wake hutoka kwenye jani. Jani lililonyauka humpunguzia chakula na maji kwa pamoja. Wachanga hupewa majani machanga, na wakubwa huweza kutafuna yaliyokomaa. Tawi likikatwa, ncha yake hutumbukizwa kwenye chupa ya maji ili lisinyauke, na mdomo wa chupa huzibwa kwa pamba au kitambaa. Chupa iliyoachwa wazi ni kisima cha kifo: viwavi huteremka kwenye kijiti hadi ndani ya maji, wakazama.

Kabla ya kutumia majani, mfugaji hujiuliza yametoka wapi. Mti uliopuliziwa dawa ya wadudu haufai, na kuosha hakutoshi, maana dawa nyingine hufyonzwa na mmea zikaenea ndani ya jani. Tahadhari hiyo inahusu pia chandarua. Vyandarua vingi vinavyogawiwa kwa ajili ya kuzuia malaria vimetiwa dawa inayoua wadudu, nayo haichagui baina ya mbu na kiwavi. Kizimba cha viwavi hushonwa kwa neti isiyo na dawa. Kadhalika, dawa za kupuliza mbu na zile za kuchoma hazitumiwi katika chumba walimo viwavi.

Makazi na usafi

Wafugaji hutumia njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuvisha tawi la mti ulio hai mfuko wa neti, uliofungwa ncha zote mbili, viwavi wakiwa ndani. Humo hupata majani mabichi, hewa na mwanga wa kawaida. Majani yakiisha, mfuko huhamishiwa tawi jingine. Njia ya pili ni kuwaweka kwenye makopo au masanduku yenye mfuniko wa neti ndani ya nyumba au chini ya kibanda. Njia hii inafaa zaidi kwa mayai na viwavi wachanga, ambao hupotea kwa urahisi na kuliwa na kila kitu.

Katika njia zote mbili, msongamano ndio unaoleta maafa. Viwavi wengi katika chombo kidogo hunyang'anyana chakula, hutafunana ngozi wanapokuwa dhaifu, na zaidi ya yote huambukizana. Ugonjwa ambao msituni ungemwua mmoja, ndani ya kopo huwamaliza wote kwa siku mbili au tatu. Ni afadhali vyombo kumi vyenye viwavi watano watano kuliko chombo kimoja chenye hamsini.

Kinyesi cha viwavi ni vipunje vidogo vya kijani au vyeusi. Vikikaa juu ya unyevu huota kuvu na kuwa makao ya bakteria. Huondolewa kila siku pamoja na mabaki ya majani. Ni rahisi zaidi iwapo sakafu ya chombo imetandikwa karatasi inayotolewa na kubadilishwa. Matone ya maji yakionekana kwenye kuta za chombo, hewa haizunguki vya kutosha, na chombo kinahitaji matundu zaidi. Aidha, chombo cha plastiki hakiwekwi juani hata kwa muda mfupi, kwa kuwa joto la ndani yake hupanda upesi na kuwaua viwavi.

Kundi moja likimaliza kujifunga, vyombo huoshwa kwa sabuni, huloweshwa katika maji yenye dawa ya klorini, husuuzwa vizuri na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa kabla ya kundi jingine kuingizwa. Mikono nayo huoshwa baina ya chombo kimoja na kingine. Kiwavi mchanga hashikwi kwa vidole. Huhamishwa pamoja na kipande cha jani alilokaa, au huinuliwa kwa brashi laini.

Mgonjwa, au anajivua ngozi?

Maswali mengi ya anayeanza kufuga huhusu kiwavi aliyeacha kula. Mara nyingi hana ugonjwa wowote. Kabla ya kujivua ngozi, kiwavi hushona tandiko dogo la hariri juu ya jani, akashikilia hapo kwa miguu na kutulia kwa siku nzima au zaidi. Mfugaji mwenye haraka humdhani amekufa, akamgusa au kumng'oa. Kiwavi aliyeng'olewa katika hali hiyo hukosa pa kujishika, akashindwa kutoka ndani ya ngozi ya zamani, na hapo ndipo hufa kweli.

Vivyo hivyo, siku moja kabla ya kuwa pupa, kiwavi aliyekomaa huacha kula, hutoa kinyesi chenye majimaji mengi, hupungua urefu na kuanza kuzurura. Anatafuta mahali pa kujifungia. Anachohitaji ni kijiti kikavu na utulivu.

Dalili za ugonjwa ni nyingine. Kiwavi mgonjwa hulegea na kuwa laini kupita kawaida, rangi yake hugeuka kuwa ya kahawia au nyeusi, naye hubaki nyuma kwa ukubwa wakati wenzake wanakua. Aliyeshikwa na virusi mara nyingi hupanda juu ya tawi na kufa akining'inia kichwa chini, ngozi yake ikapasuka na kuchuruza majimaji. Tone moja la majimaji hayo juu ya jani linatosha kuwaambukiza wenzake watakaolila. Hakuna dawa ambayo mfugaji wa nyumbani anaweza kumpa kiwavi kama huyo. Linalowezekana ni kumtoa mara moja, kumchoma au kumfukia mbali, kutupa majani ya chombo chake na kuwatenga waliokuwa naye hadi ijulikane kama wamenusurika.

Maadui wa nje

Hata mwenye usafi wa hali ya juu hupoteza viwavi kwa sababu ya wadudu wanaowavizia. Chungu na siafu huja kwa makundi usiku. Dawa yao ya kienyeji ni kusimamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji au oili chafu, na kuhakikisha kwamba hakuna jani wala kamba inayogusa ukuta ikawa daraja. Buibui, mijusi na ndege huzuiwa kwa neti isiyo na tundu.

Maadui wabaya zaidi ni wale wasioonekana. Kuna nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya yai la kipepeo, wengine ndani ya mwili wa kiwavi, na wengine katika pupa aliyejifunga punde ambaye ngozi yake bado laini. Kuna pia nzi wanaotaga juu ya ngozi ya kiwavi. Mabuu yao humla mwenyeji wao akiwa hai, naye huendelea kutafuna majani kana kwamba hana tatizo. Mfugaji humlisha kwa wiki tatu, kisha kutoka kwenye pupa yanatoka mabuu au nyigu badala ya kipepeo.

Kwa hiyo wafugaji wazoefu hupendelea kuanza na mayai yaliyotagwa ndani ya kizimba kuliko kuokota viwavi wakubwa porini. Kiwavi aliyekaa porini wiki mbili amekwisha kupita mbele ya nyigu wengi, na hakuna njia ya kumtazama kwa nje na kujua kilichomo ndani. Yai lililotagwa leo ndani ya neti lina nafasi kubwa zaidi ya kufikia ukomavu.

Kupata mayai hayo ni kazi yenye ujuzi wake. Majike hukamatwa kwa wavu au, kwa aina zinazopenda matunda yaliyooza, kwa mtego wenye ndizi zilizochachuka. Huwekwa katika kizimba kikubwa chenye mwanga, maua au maji ya sukari, na mche wa mti ambao viwavi wao hula. Baada ya kutaga, wengine huachiliwa. Ukoo mmoja ukizalishwa ndani ya kizimba vizazi vingi mfululizo hudhoofika: mayai huwa tasa, viwavi hufa wachanga, mbawa huibuka zimejikunja. Mfugaji hulazimika kurudi msituni kutafuta damu mpya. Hapo uhusiano wa kazi hii na msitu hujidhihirisha, kwa kuwa bustani iliyo nyuma ya nyumba inaweza kutoa majani lakini wazazi wapya hutoka msituni.

Pupa hawataki pupa

Lugha yetu ina bahati ya kuwa na neno pupa kwa maana mbili, na wafugaji hujifunza kuzitenganisha mapema. Pupa aliyejifunga leo haguswi. Huachwa siku moja au mbili hadi ngozi yake ikauke na kukaza. Anayeharakisha kumbandua humbonyeza, na kovu la kidole huonekana baadaye kwenye ubawa usiofunguka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, wahenga walisema.

Hata hivyo, baada ya siku hizo mbili muda huanza kuhesabiwa upande wa pili. Aina nyingi za kitropiki hukaa katika hali ya pupa kwa siku kumi hadi kumi na nne tu. Katika muda huo pupa anapaswa kutolewa kijijini, kukaguliwa, kupangwa katika masanduku yenye tabaka za pamba, kufikishwa uwanja wa ndege, kuvuka bahari na kupokewa na mnunuzi kabla hajaibuka. Kipepeo akiibukia sandukuni hukosa nafasi ya kunyoosha mbawa, akawa hana thamani. Wakati wa ukaguzi, pupa mwenye tundu, aliyebonyea, mwenye rangi isiyo ya kawaida au mwepesi kuliko wenzake hukataliwa. Fedha ya mkulima huamuliwa mezani hapo, lakini sababu yake ni usafi au uzembe wa wiki tatu zilizopita.

Kwa anayemlea nyumbani bila nia ya kuuza, kuibuka ndiko tuzo. Siku moja kabla, rangi za mbawa huonekana kupitia ngozi ya pupa. Mara nyingi asubuhi ngozi hupasuka, na kipepeo hutoka akiwa na mbawa ndogo zilizokunjamana. Anahitaji kupanda juu na kuning'inia, ili mbawa zijae na kukauka kwa saa moja au mbili. Matone mekundu au ya kahawia anayotoa ni taka za mwili wake, si damu. Akishaanza kupigapiga mbawa, yuko tayari kuachiliwa.

Soko linapofungwa

Kazi hii ina udhaifu ambao hauondolewi kwa usafi. Wanunuzi wako mbali, na mahitaji yao hupanda katika majira ya joto ya Ulaya na kushuka wakati wa baridi, bila kujali kama mvua imenyesha Kilifi au Muheza. Pupa hawezi kuwekwa ghalani kama mahindi hadi bei ipande. Anayekosa ndege ya wiki hii amekosa mapato ya kazi ya mwezi mzima.

Wafugaji wa Amani waliujua ukweli huo mwaka 2016, pale serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi kwa kipindi cha miaka mitatu. Hatua hiyo ilifuata kisa cha tumbili waliokutwa wakitaka kusafirishwa, lakini marufuku iliandikwa kwa upana uliowajumuisha pia pupa wa vipepeo. Kaya zilizokuwa zikipata ada za shule na fedha za matumizi kutokana na viwavi zilibaki na vizimba vitupu. Miaka mitatu ilipopita biashara haikurejea kama zamani. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya muda, kisha ikasitishwa mara tu baada ya kutangazwa. Upande wa Kenya, ambako usafirishaji husimamiwa kwa vibali vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, pigo kubwa lilikuja mwaka 2020, wakati janga la Uviko-19 lilipofunga nyumba za maonyesho na kusimamisha safari nyingi za ndege.

Uzito wa jambo hilo unaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka lengo la mwanzo. Utafiti wa Usambara Mashariki uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wafugaji wa vipepeo walishiriki katika kazi za kuhifadhi msitu kuliko majirani wao wasiofuga, na kwamba walioshiriki zaidi ni wale walioamini kuwa kipato chao kinategemea msitu. Kipato hicho kikikatwa kwa waraka mmoja, imani hiyo nayo hujaribiwa. Aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba msitu unalipa ana haki ya kuuliza ni nani atakayelipa sasa.

Baadhi ya majibu yameonekana. Mradi wa Gede huuza pia asali na bidhaa za hariri, na huwapokea wageni na wanafunzi wanaokuja kutazama vipepeo pale pale. Bustani ya Pete huko Unguja hutegemea wageni wanaofika kisiwani. Mapato ya namna hiyo yanahitaji viwavi wenye afya vile vile, ila hayahitaji ndege.

Kwa anayetaka kujaribu

Msikilizaji anayetaka kujifunza hahitaji msitu wala kibali cha kusafirisha. Anahitaji mlimau, mdimu au mchungwa usiopuliziwa dawa, na subira ya miezi miwili. Hatua ni hizi:

Kwanza, kagua majani machanga baada ya mvua kuanza, ukitafuta mayai ya manjano hafifu au viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege. Chukua watano hadi kumi tu.

Pili, waweke kwenye chombo chenye hewa, kilichotandikwa karatasi na kufunikwa kwa neti isiyo na dawa, mahali penye mwanga pasipopigwa na jua.

Tatu, badilisha majani na karatasi kila siku, na uoshe mikono kabla na baada ya kazi hiyo.

Nne, wanapokua, wagawe katika vyombo zaidi na uweke vijiti vilivyosimama ili wapate pa kujifungia.

Tano, aliyetulia muache. Aliyelegea na kubadilika rangi mtenge.

Sita, kipepeo akiibuka, mwachilie karibu na mti alikotoka. Usilete aina ya nchi nyingine, wala usikusanye chochote ndani ya hifadhi bila ruhusa ya wanaoisimamia.

Mwenye miche michanga ya michungwa ana sababu ya kuwa na wasiwasi, kwa kuwa viwavi wachache wanaweza kuumaliza mche mdogo. Si lazima achague baina ya miche na vipepeo. Anaweza kuwaokota viwavi kwa mkono na kuwahamishia mti mmoja mkubwa alioutenga kwa ajili yao. Mlimau uliokomaa huchipua tena majani yaliyoliwa, na watoto wa nyumba hiyo watapata nafasi ya kuona, kwa macho yao, hatua zote nne ambazo shuleni huchorwa ubaoni.